Kompyuta Yenye Homa

Jumatatu, 8 Machi 1999

Imejizima tena. Mara ya tatu leo, na saa sita mchana haijafika. Nilikuwa nimeingiza fomu kumi na saba za watoto wa kijiji cha Minepa, skrini ikaandika kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imefika nyuzi 83, mara giza. Fomu zote kumi na saba zimepotea. Nimeanza kuandika kwenye daftari hili kwa sababu daftari halijizimi.

Nijieleze vizuri, maana nikifukuzwa kazi nataka pawe na maandishi. Mimi ni Levina, karani wa takwimu katika utafiti wa homa za watoto hapa hospitalini Ifakara. Zamani nilikuwa mpimaji: nilizunguka vijiji vya ng'ambo ya mto kwa baiskeli, kipimajoto mfukoni. Mwaka juzi mwishoni nikapandishwa cheo, nikapewa kiti, meza na kompyuta. Ndani yake wamo watoto elfu nne na ushee, miaka mitatu ya homa zao. Fomu za karatasi za miaka miwili ya mwanzo zililoa stoo kwenye mafuriko ya mwaka jana, tukazizoa kwa koleo. Disketi tulizonakilia zimeota ukungu. Kwa hiyo watoto wale hawapo kokote duniani ila ndani ya hilo sanduku. Na tarehe 31 Mei mkuu wetu, Daktari Valeriani, lazima apeleke takwimu Dar es Salaam, la sivyo utafiti unafungwa na dawa tunazogawa vijijini zinakoma.

Kompyuta inatumia Linux. Aliiweka Viktor, fundi kutoka Dar, baada ya virusi kuitafuna ile ya kwanza. Akaiwekea na kiprogramu: kila dakika tano kinaangalia joto la prosesa, likizidi 80 kinazima mashine isiungue. Kisha Viktor akapanda treni akaenda zake, akaniachia mgonjwa.

Jumanne, 9 Machi

77 asubuhi. 81 saa nne. Ikazima. Mvua.

Alhamisi, 11 Machi

Mzee Fulgensi ananimaliza. Ni mlinzi wetu wa mchana, ndiye pia anayefagia, mtu wa upande wa Mahenge, mwaka wa pili sasa yuko hapa. Kila asubuhi namwamkia, ananiitikia marahaba, halafu kabla sijakaa anakwenda nyuma ya kompyuta kuweka kiganja pale upepo unapotokea.

"Hii haina homa, binti," kasema leo.

"Mzee, mashine yenyewe imesema 79."

"Imesema. Mimi nimegusa."

Jamani! Mtu hajui hata kuiwasha. Halafu akauliza, kama anavyouliza kila wiki: "Hivi watoto wote wamo humu? Hata wa Lupiro?" Nikamjibu wote wamo, nikageukia kazi yangu. Kwa nini anauliza uliza? Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuharibu ile kompyuta ya kwanza, na nasikia aliyepeleka habari kwa Daktari ni mlinzi. Namchunga.

Jumatatu, 15 Machi

Daktari kaja mwenyewe. Kasimama mlangoni na miwani yake mkononi, na akivua miwani ujue kuna jambo.

"Levina, ni mashine inaumwa au ni wewe huijui?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema ni mashine. Akaniagiza niiandikie joto kila asubuhi kama mgonjwa, akaniletea chati ya wodini nibandike ukutani. Chati yenyewe inaanzia 35 na kuishia 42. Nukta ya leo, 78, haina pa kukaa. Nimeiweka ukutani nje ya karatasi, kwa penseli, na naona aibu kuitazama.

Ijumaa, 19 Machi

Saa nzima Posta kusubiri simu ya Dar. Viktor alicheka nilipomweleza.

"Dada, bodi za kompyuta hizo zinajulikana kwa uongo. Kihisi kinatoa umeme tu, hakijui nyuzi. Kuna mstari kwenye faili la mipangilio unaoigeuza ile namba kuwa joto, na mstari niliouacha ni wa bodi nyingine. Mashine yako haina joto lolote."

"Sasa nifanyeje?"

"Fungua ubavu wa sanduku. Juu ya prosesa kuna kichuma chenye mapezi na feni ndogo. Pima kile kichuma kwa kipimajoto, halafu badilisha mstari mpaka skrini iseme unachokiona kwa macho. Basi."

Kipimajoto! Mimi na vipimajoto tena! Nimerudi ofisini karibu nikiimba, na mvua yote ile.

Jumatatu, 22 Machi

Nimeiweza. Naandika polepole nisiharibu furaha.

Nilifungua ubavu. Nikachukua kipimajoto cha wodini, nikakikung'uta mara tatu kama tulivyofundishwa, nikakichomeka katikati ya mapezi ya kile kichuma. Zebaki ilipanda bila kusita: 38, 40, 42. Pale ikatulia. Nikasubiri dakika mbili kamili kwa saa ya ukutani. 42. Nikaurekebisha mstari, nikaiita programu, ikasema 42. Nilipiga kigelegele, mzee Fulgensi akaja mbio na fagio akidhani nyoka.

Na nukta ya 42 inaingia kwenye chati! Juu kabisa, ukingoni, lakini imo ndani ya karatasi. Daktari kaitazama, kavaa miwani, kasaini.

Ubavu nimeuacha wazi, mashine ipate hewa.

Jumanne, 23 Machi

42. Haikuzima hata mara moja. Fomu tisini.

Jumatano, 24 Machi

42. Fomu mia moja na nne.

Ijumaa, 26 Machi

41. Nimelala vizuri wiki nzima. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Jumanne, 6 Aprili

Pasaka imepita, tumerudi. 42. Mto umejaa, pantoni ya Kivukoni haivuki, wapimaji wamekwama ng'ambo. Njia ya gari kwenda Mlimba haipitiki. Disketi mpya tulizoagiza Dar zinasubiriwa kwa treni, na treni nayo inasubiriwa.

Jumatatu, 19 Aprili

42. Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 3 Mei

44. Nimeirudia programu mara nne, 44. Ni joto la Mei tu, mvua zimepungua.

Jirani yetu mwenye mashine ya kukoboa kaanza kazi. Mpunga wa mwanzo umeshaingia. Kelele siku nzima, na vumbi la pumba linaingia dirishani, linakaa mezani, kwenye chai, kwenye nywele. Nimeleta kile kitambaa changu cheupe cha kufuma, kinachofunika redio nyumbani, nimekitandika juu ya kompyuta na kuuziba ule ubavu ulio wazi.

Alhamisi, 6 Mei

47. Chati imeishia 42, nimeongeza mistari juu kwa rula.

Nimekuta kitambaa changu kimekunjwa, kimewekwa kitini. Nani? Nani mwingine! Nikamwita.

"Mzee, kwa heshima zote, nani kakwambia uguse kitambaa?"

"Inakosa pumzi, binti. Nimeigusa, leo ina homa."

"Ina 47. Fundi kasema mpaka 80 haina neno. Wewe unataka vumbi liingie?"

"Machi ilisema 79, nikakwambia haina homa. Ukaniona mjinga. Leo inasema 47, nakwambia ina homa. Unaniona mjinga tena."

Hakupaza sauti, akatoka na fagio lake. Nikakirudisha kitambaa. Nilikuwa na hasira, na si hasira tu. Namba inapanda na mimi sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Mei

51. Kitambaa kitini. Nimekirudisha.

Jumatano, 12 Mei

51 asubuhi, 53 saa nane. Kitambaa kitini. Nimekirudisha. Hatukusalimiana vizuri, alinijibu shikamoo yangu akitazama uani. Fomu zimebaki mia sita. Wiki mbili na nusu.

Nilitaka kumwambia Daktari kwamba namba inapanda. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Akaniuliza, "Mgonjwa wako hajambo?" Nikasema, "Hajambo, Daktari." Ulimi wangu huu!

Jumatatu, 17 Mei

55. Bado 25 kufika 80. Najirudia hilo kama rozari, bado 25, bado 25. Naamka alfajiri nalo mdomoni.

Ijumaa, 21 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Skrini ilisema 58 nilipofika. Saa nne 60. Saa nne na nusu nikasikia harufu, mfano wa pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikaita programu: 61. Nikajiambia harufu inatoka kwenye mashine ya kukoboa. Naapa nilijiambia hivyo, nikaendelea kuandika fomu, namba baada ya namba.

Mzee Fulgensi kaingia bila kubisha. Kaondoa kitambaa, kapeleka kidole kwenye kile kichuma chenye mapezi, akakirudisha upesi na kukitia mdomoni.

"Zima," kasema.

"Mzee, 61..."

"Levina! Zima hiki kitu!"

Hajawahi kuniita jina. Lakini sikuzima. Nilishikwa na ukaidi wa ajabu, na ninauandika hapa ili nisije nikaukana: nilikuwa naogopa kukosea kuliko nilivyoogopa mashine kuungua. Nikasema nitapima mbele yake, aone mwenyewe. Nikakikung'uta kipimajoto cha wodini, nikakichomeka. 42. "Unaona?" nikasema. "Skrini inazidisha, kipimajoto kinasema 42, ileile ya Machi."

Wendelin wa maabara alikuwa kasimama mlangoni, kavutwa na zile sauti. Ni kijana mpole, hata kupiga chafya anaomba radhi. Akauliza taratibu, "Dada, hicho kinaishia ngapi?"

"Kinaishia nini?"

"Namba ya mwisho kwenye kioo. Ni ngapi?"

Nikakitazama. Mikono hii imekishika kipimajoto kama hicho miaka minane, wodini kwanza, kisha vijijini. 35 mpaka 42, kwa sababu mtu akizidi 42 hakuna tena wa kumpima. Zebaki ilikuwa imegonga mwisho wa kioo, haina pa kwenda. Leo imegonga. Na Machi ilikuwa imegonga vilevile.

Mama Maria. Nilikaa chini, sakafuni.

Wendelin alikimbia maabara akarudi na kipimajoto kirefu cha kupimia maji yanayochemka, kinachofika 110. Akakichomeka palepale. 81. Skrini bado inasema 61. Kwa ule mstari wangu niliouandika nikipiga vigelegele, kile kiprogramu cha Viktor kilikuwa kinasubiri 80 ambayo isingefika mpaka kila kitu kimeyeyuka. Nilikuwa nimemziba mdomo mlinzi pekee aliyekuwemo ndani.

Nikazima.

Tulipomulika kwa tochi, ile feni ndogo juu ya kichuma ilikuwa imejaa pumba na nyuzi nyeupe. Nyuzi za kitambaa changu. Inazunguka robo, inasimama.

Nilikwenda kwa Daktari. Nikamweleza yote, tangu Machi, na ile "hajambo" ya wiki iliyopita. Akavua miwani. Nikasubiri neno la kufukuzwa.

"Ulipima kwa kipimajoto cha wodini?"

"Ndiyo, Daktari."

Akaitazama ile chati niliyomletea, sahihi zake zimepangana chini, moja kila Jumatatu. "Hata mimi ningechukua hichohicho," kasema. "Nenda kawatoe wale watoto humo ndani, Levina. Mengine baadaye."

Jumamosi, 22 Mei

Treni imeleta disketi jana jioni. Boksi tatu. Nimelia stesheni mbele ya watu, mpokea mizigo akadhani nimefiwa.

Wendelin kaisafisha feni kwa brashi ya meno na spiriti. Inazunguka, lakini kwa kusuasua. Feni mpya iko Dar. Tumekubaliana tuiwashe nusu saa nusu saa, kipimajoto kirefu ndani, ikifika 70 tunazima.

Nikabonyeza. Skrini nyeusi. Nikasubiri. Nyeusi. Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi. Nilisikia watoto elfu nne wakininyamazia, sina namna nyingine ya kulisema.

Mara ya tatu ikaamka. Lakini kwa kuwa ilijizima vibaya mara nyingi mwezi Machi na umeme nao unakatika kila kukicha, ikaanza kuikagua diski yake yote, asilimia moja, asilimia mbili, kwa mwendo wa kobe, na joto linapanda: 58, 61, 64. Ikifika 70 tutaanza upya.

Mzee Fulgensi akatoka. Nikadhani kachoka na sisi. Akarudi na ungo, ule mkubwa wa kupepetea, kauazima kwa mama mmoja pale kwenye mashine ya kukoboa. Akasimama ubavuni mwa kompyuta akaanza kupepea, kwa mikono miwili, kama mtu anayepepeta mpunga wa familia nzima. Wendelin anasoma kipimajoto: "64. 64. 63. 61, mzee, 61!"

Alipepea saa mbili na dakika kumi. Tuliomba kumpokea, akakataa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu. Disketi kumi na nne, nikanakili kila moja mara mbili, nikaisoma kila moja kuhakikisha. Ya mwisho ilipotoka nikasema, "Wote wamo, mzee. Wako nje."

"Hata wa Lupiro?"

"Hata wa Lupiro."

Akaweka ungo chini na kukaa juu ya ndoo yake ya maji. Nikamshika mkono, nikamwomba msamaha kwa kitambaa na kwa mengine yote. Akasema yamekwisha. Yamekwisha kwake. Kwangu bado.

Jumatano, 26 Mei

56 kwa kipimajoto kirefu, 56 kwa skrini. Mstari nimeuandika upya na Wendelin kando, tumeulinganisha mara tano, mashine ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Viktor katuma feni kwa treni, inazunguka bila sauti. Ubavu umefungwa. Kitambaa kiko nyumbani juu ya redio.

Jumatatu, 31 Mei

Daktari kapanda treni ya asubuhi na disketi kwenye begi la mkononi, hakukubali kuliweka juu ya mizigo. Fomu zote zimeingia. Nilipaswa leo niwe nacheka.

Saa tano mzee Fulgensi kaja na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Akaufungua taratibu mezani kwangu. Kadi ya utafiti, ile ya njano tuliyowapa wazazi. Haina jina juu, namba tu, kama tulivyofanya kwa wote. Nyuma mtu kaandika kwa kalamu: Ignas.

"Mjukuu wangu," kasema. "Wa Lupiro. Nitafutie."

Nikaandika namba, mstari mmoja ukatokea. Miaka miwili na miezi mitatu. Tarehe 14 Aprili 1997. Joto 40.8. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mwisho wa mstari: amefariki, 16 Aprili. Kwenye safu ya mpimaji, herufi mbili za jina langu.

Nilimsomea yote isipokuwa hizo herufi. Hakushangaa.

"Alikuja msichana wa baiskeli," kasema. "Akampima, akasema mpelekeni Ifakara leo leo. Mama yake akaanza kufunga nguo. Mimi nikamgusa mtoto hapa, kwenye paji. Nikaona ni joto la kawaida. Nikasema vipimo vya watu hawa vinatia chumvi, mto umejaa, tungoje kesho." Akaukunja ule mfuko wa nailoni. "Nilikujua siku ile ya kwanza uliponiamkia hapa. Wewe hukunijua, na sikukulaumu. Nyumba zilikuwa nyingi."

Mimi simkumbuki yule mtoto. Nimekaa mchana kutwa nikijaribu, simkumbuki.

"Nataka kukuuliza jambo moja," kasema. "Tangu Machi nimekuona unahangaika na namba za uongo. Hiyo ya Ignas. Ilikuwa ya kweli?"

Nilikuwa na jibu la kumsaidia, na lilikuwa tayari mdomoni. Vipimajoto hukosea, mzee, hata wewe umeona. Pengine nilisahau kukikung'uta, pengine kilibaki na joto la mtoto wa nyumba ya jirani. Angelala vizuri leo. Lakini pale ukutani ilikuwapo chati yangu, nukta zote za Machi mpaka Mei, na nisingeweza kumwongezea nyingine kama hizo.

"Ilikuwa ya kweli, mzee. Nilikuwa nakikung'uta mara tatu kwa kila mtoto. Na ikizidi 40 tulikuwa tunapima mara mbili."

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatoke. Mimi nikalia kwa sauti, maana ndivyo nilivyo.

Baadaye akasimama, akaenda kwenye kompyuta. Nilitarajia ataweka kiganja nyuma, kama kila siku. Hakuweka.

"Inasema ngapi?" akauliza.

"Hamsini na sita."

Akachukua kalamu mezani pangu, akanitaka nimwonyeshe mstari wa leo kwenye chati, akaitia nukta mwenyewe.